Neno Soksi

3 Machi

Kaka mpendwa,

Hujambo huko? Sisi wazima. Mama anasumbuliwa na goti, mimi nasumbuliwa na sifa: dereva wa lori niliyekanyaga mipaka mitano, mtaa huu sina mpinzani.

Njoo nyumbani. Mama anataka chumba chake kipakwe rangi, na fundi anayemtaka ni wewe tu.

Lile neno lisikutishe, limezeeka. Juzi nilimwita kibaka mmoja "soksi", vijana wakanikodolea macho. Ikabidi niwape shule: zamani mwizi aliitwa soksi, kwa sababu ya fundi rangi aliyevua viatu mlangoni na kuingia na soksi, asichafue sakafu za watu. Redio ya nyumba aliyokuwa akipaka ilipopotea, mtu kijiweni akasema, "Kanyata nayo Soksi." Watu wakavunjika mbavu, neno likasambaa. Hata mwizi mwenyewe alipokamatwa, naye akaitwa soksi. Vijana wakacheka hadi machozi. Nikawaambia, mtunzi ndiye mimi.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Sijambo. Mpe Mama pole ya goti.

Kumbe neno lilikuwa linakufa, nawe umelifufua. Ulichekesha siku moja. Mimi sikupewa tena hata banda la kuku kulipaka, na mwanangu aliitwa mtoto wa soksi mpaka tukahama. Nilichotaka ni kidogo: useme palepale kijiweni kwamba ulitania.

Mama achague rangi.

Kaka yako

2 Juni

Kaka,

Salamu, na goti la Mama lina nafuu.

Nimerudi safari nikakuta chumba kinang'aa, sakafu haina tone. Mama anasema uliuliza kwanza kama nipo. Aliposema sipo, ndipo ukavua viatu ukaingia. Akaniambia mzaha mzaha hutumbuka usaha, akanigeuzia mgongo.

Nikaenda kijiweni. Wa enzi zetu wamebaki watatu. Nikasimama, nikasema, "Kaka yangu hakuiba kitu. Nilitania."

Kinyozi akaacha kunyoa. "Kaka yako yupi?"

Kaka, neno wanalikumbuka wote. Wewe hakuna anayekukumbuka.

Umesahau soksi zako, zina madoa ya rangi. Nimezifua kwa mkono wangu, nimezianika. Njoo uzichukue nikiwepo.

Mdogo wako

14 Septemba

Kaka,

Natumaini u mzima. Soksi zimekauka.

Mdogo wako