Shimo la Matofali

Mjukuu wangu,

Wengi hukosea wakidhani mitaa mipya ya pembezoni mwa mji haina historia. Hapo unapojenga palikuwa shimo la udongo. Matofali ya nusu ya mji huu yalitoka humo, na bibi yako aliyaanika kwa mikono yake. Baadaye shimo likajazwa taka, likafunikwa kifusi.

Jana nilimwuliza jirani yako kuhusu ufa wa ukutani kwake. Akacheka: "Babu, nyumba inajinyoosha tu." Watoto wake wanalala chini ya ukuta huo. Sitaki wako walale hivyo.

Bibi anakusalimu. Kiwanja chetu cha mlimani bado kipo, nacho ni chako.

Leo mpigie fundi simu, umwambie asimwage zege.

Babu yako