Bahasha Uliyosema ni ya Risiti

Suma, Tukuyu
14 Juni

Kaka Nsajigwa,

Shikamoo. Huku mvua haijakatika, na ng'ombe wa mama amezaa ndama jike.

Kaka, ulipomrudisha mama kutoka Dar, kwenye kile kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera na ultrasaundi kwa mdomo hadi tumboni, uliniambia, "Mwambie ni vidonda vya tumbo tu. Wewe atakuamini, umemaliza fomu foo." Bahasha ya hospitali ukasema ni ya risiti. Nikamweleza mama kwa Kinyakyusa, taratibu. Akafurahi, akarudi shambani.

Juzi macho yake yalikuwa ya njano. Nikafungua bahasha nikitafuta kadi yake. Hamna risiti, kaka. Ni majibu ya kipimo, yameandikwa ana uvimbe kwenye kongosho, bado mdogo, afanyiwe upasuaji ndani ya mwezi mmoja. Huu ni mwezi wa tatu.

Nilimsomea yote. Akauliza, "Ulijua, mwanangu?" Nikaapa sikujua. Akasema, "Haya."

Jumatatu tunarudi hospitali, wakaangalie kama bado anaweza kupasuliwa. Uje. Wewe uliogopa kumwambia, ukaazima mdomo wangu.

Leo asubuhi nilinyoosha mkono nimsomee maelezo ya dawa zake, kama siku zote. Alizifunga kwenye kanga, akazipeleka kwa Anneth wa jirani, aliyeishia darasa la nne, amsomee yeye.

Mdogo wako,
Tusekile