Udi Chini ya Baibui

Ijumaa, alasiri. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Naogopa.

Anayenisoma kwa mara ya kwanza ajue ninapoishi: ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani, mtaa wa Jeppestown, huku kusini mwa Afrika. Vyumba tumejigawia wenyewe kwa maboksi na mbao nyembamba, na bomba la maji ni moja tu, huko chini. Nikipiga chafya, Mama Furaha, jirani yangu Mkongo, ananipa pole akiwa kwake.

Leo baibui langu lilikuwa linanuka ukungu. Niende msikitini hivyo, mimi mtoto wa Tanga? Nikawasha makaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikafunika kwa tenga na kutandaza baibui juu yake. Kisha nikashuka kuchota maji. Bibi yangu alikuwa akiacha vivyo hivyo na kwenda zake sokoni.

Lakini nyumba ya bibi ni ya mawe.

Nikiwa ngazini narudi, nikasikia harufu ya moshi. Nikajisifu kwamba udi umekolea. Kufungua mlango, baibui linawaka na boksi la ukutani limeshika. Nyuma ya boksi lile alikuwa amelala Furaha, ana miaka miwili. Nikamwaga ndoo nzima, moto ukazimika.

Mama Furaha alikuwa anapika ukumbini. Alipofika mbio, chetezo nilikuwa nimeshakisukumia uvunguni. Akanikumbatia akilia.

"Ni kuran tu ile, ni umeme, dada Mwanaidi! Bila weye mutoto wangu angekufa."

Nikamwacha aamini hivyo.

Sasa wakazi wamekata shauri: Mzee Sipho, anayetuunganishia umeme, ahame kesho asubuhi. Anaapa nyaya zake hazina kosa, hakuna anayemsikiliza. Nikisema ukweli nitafukuzwa mimi, na sina karatasi wala ndugu mji huu. Nisiposema, mzee wa watu atalala nje na mvua hii.

Mama Furaha ameniletea ugali na sombe, kisamvu cha kwao, shukrani yake. Sahani nimeisogeza kando. Kupitia tundu lililoachwa na moto ukutani namsikia akimwimbia mwanawe.

Nimekitoa chetezo uvunguni. Nakwenda nacho kwake sasa hivi, kabla sijaghairi. Msiponiona tena nikiandika kutoka chumba hiki, mjue nilisema.