Diski Ndogo na Nyuso Ulizozitunza

Baba,

Upepo wa baridi unapita chini ya mlango, na vidole vyangu ni vizito. Mama yuko shambani anavuna ulezi. Mimi niko peke yangu katika chumba chako cha steshenari, na nimefanya jambo ambalo ulikuwa hulitaki. Nimebadilisha diski ya kompyuta.

Usinikasirikie kabla sijakueleza.

Tulipokwisha kukuzika, mashine ilizidi kuwa nzito. Nikitoka shule naiwasha, wateja wanasimama mlangoni wakiangalia kile kiduara kinavyozunguka. Yule mama wa dagaa alisema, "Iache, Resti. Twende tukalime, tukirudi itakuwa imeamka." Watu walicheka, nami nikacheka. Halafu wakaenda kutoa kopi kwingine. Mama aliona. Akaniambia, "Mwanangu, chumba hiki kinakula tu, hakizai. Ulezi ukiisha kuvunwa, nakirudisha kwa mwenye nyumba."

Kaka Deo, fundi wa kule stendi, aliifungua. Alisema mashine bado inafaa kwa kazi zetu. Kinachoiburuta ni diski, ile yenye sahani inayozunguka ndani, tena imeanza kufa. Nilitega sikio nikasikia inagonga. Mama akauza gunia la mahindi. Lingetosha diski moja tu: kubwa ya kuzunguka kama yako, au ndogo ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, ambayo huamsha mashine upesi.

Nilikusikia, Baba. "Diski ndogo ni chungu cha mpita njia. Sisi tunaweka akiba." Akiba yako ilikuwa nyuso za watu. Kila aliyekuja kupiga picha ya pasipoti hukumfuta. Ulisema, "Huyu ana picha moja tu duniani, na iko hapa." Wafiwa walikuja mpaka kutoka Mtowisa, hawana picha ya kuweka juu ya jeneza, nawe ukatafuta polepole hadi ukawatolea. Ndiyo maana nilitaka kubwa. Niliogopa kuwatupa watu wako.

Kaka Deo akaniuliza, "Umezipima hizo picha, mdogo wangu, au unaogopa tu?"

Tukazipima. Watu wako wote walienea kwenye kona ndogo. Kilichojaza diski ni muvi na nyimbo ulizokuwa ukiwawekea vijana kwenye simu. Basi nikachagua ndogo, na muvi nikaziacha. Vijana wamenuna. Mmoja ameniambia nimegeuza steshenari kuwa sakristia ya kanisa.

Sasa mashine inaamka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Ungeshangaa.

Lakini tulichelewa, Baba. Wakati wa kuhamisha, diski ya zamani iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Nyuso nyingine hazikuvuka. Nyingine zilivuka nusu.

Juzi alikuja mzee kutoka Mwimbi. Mkewe alifia hospitali hapa mjini, na gari lililobeba jeneza lilikuwa limesimama barabarani, dereva anapiga honi. Nilimwamkia shikamoo babu, akaitikia akiwa ameshika kofia kifuani. Alisema ulimpiga bibi picha alipokuwa akitafuta kitambulisho. Nilimpata mara moja. Nikafungua. Yalikuwepo paji la uso na macho. Kuanzia puani kwenda chini ilikuwa kijivu tupu.

Niliigeuza skrini aone mwenyewe.

Alitazama. Huko nje honi ililia tena. Akasema, "Nitolee hiyohiyo, mjukuu wangu. Macho ni yake."

Nikamtolea. Alikataa bahasha. Aliiweka picha ndani ya koti, akatoka. Baada ya hapo sikuweza kuhudumia mtu.

Mama alikuwa amesimama nje na kikapu, aliona yote. Jioni tulipokuwa tunakula alisema, "Kile chumba tukishikilie kwanza." Kwanza, Baba. Sijui hiyo kwanza itafika wapi.

Ninakuaga hapa, maana mwanga unapungua na Mama atarudi na mzigo. Pumzika kule mlimani, upepo usikusumbue. Ahadi yangu ni hii. Kila uso uliobaki nitauweka mahali pawili, siyo mahali pamoja tu. Na wale waliopotea au kukatika nimeandika majina yao ninayoyajua. Sitangoja ndugu zao waje na jeneza. Nitawafuata wenyewe wakiwa hai, sokoni na kanisani, niwaombe waje wakae tena mbele ya kile kitambaa cha buluu, niwapige picha upya.

Uso wa Mama nao haukuvuka. Jumapili baada ya Misa, naanza na yeye.

Mwanao,
Restituta