Marufuku Kugusa Vitasa

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria. Ndimu msizitafute, zote sita baba yenu amezisugulia vitasa.

Mlikuwa shuleni, kwa hiyo niwaeleze. Mnajua tangu juzi anavisugua vitasa vya shaba vya marehemu babu yenu, ili wakwe watarajiwa wa dada yenu wajue wamefika kwa watu. Vimeng'aa, sikatai. Lakini kutuzuia kuvigusa! Siku mbili tunapita mlango wa jikoni kama wezi, na bibi yenu, na umri wake ule, anasukuma mlango wa choo kwa kiwiko.

Leo wageni wamefika mapema. Mama mkwe mtarajiwa akanyoosha mkono afungue, na baba yenu, kitambaa begani, akafoka dirishani: "Usiguse! Utatia alama!" Hata hodi hajamwitikia. Mama wa watu akarudisha mkono, akageuka, na ujumbe wote ukamfuata hadi garini.

Dada yenu amejifungia chumbani, analia. Baba yenu ~~ashinde na njaa~~ mpeni chai, ila sukari msimtilie.

Mimi nawafuata wageni kuwaomba radhi. Kabla sijarudi nao, pakeni mikono mafuta ya kupikia mshikeshike kila kitasa, hata cha chooni. Nataka kuona alama za vidole vya nyumba nzima. Tukibisha hodi, afungue baba yenu mwenyewe, kwa mkono mtupu, bila kitambaa.

Cha mlango wa mbele nimeshawaanzia.

Mama yenu