Usihariri kwa Mkono

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima zote natangaza rasmi kwamba Jumanne, saa nne asubuhi, ofisini kwetu imefutwa folda moja. Hapakuwa na hotuba. Mimi ni mzima, ila goti bado linalalamika kwenye ngazi. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kifua cha Mama kimetulia.

Folda yenyewe unaijua kwa sifa, maana nimekuchosha nayo miaka sita. Kliniki wakiongeza kitu kwenye kadi ya mtoto, tuseme uzito, tunaendesha programu niliyoitunga mimi, nayo inatuandikia humo mafaili ya kuisoma kadi, kuihifadhi na kuichapa. Juu ya kila faili nimeweka onyo: USIHARIRI KWA MKONO. Wenzangu huniita Msahafu.

Sasa tuna fundi mpya, mwanamke mpole, yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Wiki iliyopita aliendesha programu yangu kama alivyoelekezwa, na kesho yake muuguzi akapiga simu kuuliza kichanga wa kilo nne amefikaje arobaini. Ofisi nzima ikasema mgeni kaharibu, Ijumaa asubiri barua yake ya kwaheri.

Hakubishana. Aliniuliza tu, kaka, kwa nini tunamtafunia mwenye meno? Kompaila, ile inayotafsiri kazi yetu kwa lugha ya mashine, aliifundisha kuisoma orodha ya kadi yenyewe na kutengeneza yaliyobaki hapo hapo inapotafsiri. Hakuna mafaili ya pembeni. Ukikosea orodha, inagoma na kukuonyesha mstari. Mistari yangu elfu tatu ikawa arobaini. Siku mbili nilitafuta kasoro, kwa nia mbaya kabisa, nikabaki kama mtu anayegeuza nguo asione mshono.

Dada, nikwambie wewe. Nukta ya desimali ya uzito, ile iliyopotea, niliirekebisha mimi mwaka jana, kwa mkono, ndani ya faili lile lile nililokataza wengine. Programu ilipoliandika upya, ikafuta kiraka changu. Mgeni hana kosa. Alhamisi nikaingia kwa mkuu, nikamwaga yote nimesimama.

Akasema kaa. Barua ya ajira ya mgeni alishaisaini Jumatatu. Kompyuta, akaongeza, huandika jina la kila anayegusa faili.

Wabusu watoto.

Mdogo wako