Masuke Kumi na Moja ya Alaniva

Oulu,
9 Juni 2015

Kaka yangu mpendwa Oiva,

Pokea salamu za dada yako, ambaye ni mzima isipokuwa goti la kushoto lililoamua kustaafu kabla yangu. Natumaini wewe nawe hujambo, na kwamba kile kikohozi cha mwezi wa nne kimekuacha. Ukiniambia kimekuacha nitakuamini nusu tu, maana wewe hata homa ikikulaza chini husema ni uchovu. Je, barafu ya mto ilipita salama? Umeshapanda, au udongo bado ni wa baridi? Huku mjini watu wanalalamika kwamba majira yamechelewa, nami huwajibu kwamba hawajawahi kuishi Pello.

Samaki wa moshi uliowatuma walifika, asante sana. Mmoja nilimpa Daktari Inkeri, mkuu wangu hapa kituo cha utafiti wa mbegu, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Alimla kwa mikono juu ya ripoti za watu, akasema nikuulize kama unatafuta mchumba. Nilimjibu kwamba wewe una shayiri, huna nafasi.

Fomu ya benki ya mbegu, ya kuandikisha Alaniva, shayiri yetu ya urithi, nimeipata, na sasa nimepata pia barua yako fupi ya kunihimiza. Nimeiona sahihi yako, imenyooka kama ya mtoto wa darasa la kwanza mbele ya mwalimu mkali. Unauliza kwa nini mimi ninayefanya kazi na mbegu kila siku nashindwa kutia yangu kwa wiki mbili nzima, kwani kalamu zimeisha Oulu? Tena unasema watu wa gazeti wamekupiga picha shambani ukiwa na kofia ya baba. Oiva, nimeitazama hiyo picha mpaka karatasi imelegea. Sijatia sahihi. Nakuomba ukae chini, ujimiminie kahawa, usome mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Ulipotuletea lile gunia la mbegu mwaka jana tuliotesha mimea mia mbili, na kila mmoja tukauchuna kipande cha jani kwa ajili ya kupima vinasaba. Inkeri anatafuta shayiri inayoiva kabla ya jalidi ya Agosti. Anasema aina mpya zote zimezaliwa na wazazi wachache, wale wale, kiasi kwamba ugonjwa mmoja ukizijulia utazifagia zote, na ndiyo maana anahangaika na mbegu za wazee. Majibu yalipokuja aliniita huku akicheka, akaniambia, “Helvi wee, shayiri ya baba yako imesoma shule yetu!” Mimea mia moja themanini na tisa ni aina iliyozalishwa hapa hapa kituoni, ikagawiwa wakulima mwaka 1965. Yeye alidhani bahasha zimechanganyika, akanituliza kwamba tutarudia kipimo. Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikakaa humo mpaka wenzangu wakaja kugonga.

Tumerudia, na ni vile vile. Lakini ile mimea kumi na moja iliyobaki haifanani na kitu chochote tulicho nacho ghalani. Iliiva siku tisa kabla ya mingine. Inkeri haelewi vitu hivi viwili vilikutanaje ndani ya gunia moja. Mimi naelewa.

Unakumbuka vuli ya 1968. Mama alikwisha fariki, wewe ulikuwa jeshini, baba alilazwa hospitali kwa ajili ya mgongo. Kazi ya kukausha shayiri ya mbegu katika kibanda cha moshi ikaniangukia mimi, msichana wa miaka kumi na sita. Baba aliniagiza nikae palepale, niweke kuni kidogo kidogo, kwa kuwa shayiri ya kula hustahimili joto kali lakini ya mbegu hufa. Ilikuwa Jumamosi, na kulikuwa na dansi. Nikajaza jiko kuni zote za siku kwa mkupuo mmoja, nikaenda zangu. Kesho yake kibanda kilinukia mkate.

Nilijua la kufanya, kwa sababu kwenye klabu ya vijana wakulima tulifundishwa kupima mbegu. Nilizifunga punje mia moja kwenye kitambaa kibichi nyuma ya jiko. Zikachipua sita. Sasa darini kulikuwa na gunia la aina mpya nililopewa na klabu, lile ambalo baba alilidharau akisema mbegu za shule walishwe kuku. Nikalichanganya na yetu iliyoungua, nikakoroga kwa koleo huku nalia. Majira ya kupanda yalipofika, baba alipanda mwenyewe, na ilipoota alisifu kwamba hajawahi kuona Alaniva ikiota sawasawa hivyo. Mpaka anakufa hakujua.

Jumatatu nilimweleza Inkeri yote. Hakunikaripia. Aliuliza tu punje chache zilizosalimika ziliwezaje kudumu miaka yote hii badala ya kumezwa na nyingine. Nikamwambia kwamba kila Agosti wewe hupita shambani kabla ya mavuno, ukachuma masuke yanayotangulia kuwa manjano, ukayafunga kwa uzi mwekundu yawe mbegu ya mwaka kesho, kama baba alivyokufundisha. Akasema bila mkono huo hata moja lisingepatikana. Atayaandikisha masuke ya ile mimea kumi na moja pamoja na historia yake ya kweli, na jina utatoa wewe ukipenda. Fomu hii ya kuapa kwamba mbegu haikuwahi kuchanganywa nairudisha bila sahihi yangu.

Kaka, ningeweza kuishia hapo, nawe ungenisamehe, maana msichana kupenda dansi si ajabu. Sikuishia hapo mwaka 1970, kwa hiyo siwezi kuishia hapo leo.

Raili, mchumba wako, alikuwa amekwisha pata kazi kiwandani Uswidi, na chumba, na tiketi yako alikuwa nayo mkobani. Baba akakwambia kwamba ukiondoka, mbegu ya Alaniva itakufa mikononi mwake. Wiki ile tulikuwa tunaanika nyasi za ng'ombe juu ya vigingi, mimi na wewe. Uliweka uma wa nyasi chini ukaniuliza kama kweli mbegu ni kitu cha kumfanya mtu abaki. Ulisema utafuata nitakachosema, kwa kuwa mimi ndiye mwenye akili ya vitabu. Mimi nilijua mbegu hiyo ilikwisha kufa. Na ndani ya mfuko wa aproni nilikuwa na barua ya kukubaliwa chuo cha kilimo. Mmoja wetu alipaswa kubaki na baba. Nikakwambia ndiyo, inastahili. Ukaokota uma ukaendelea na kazi.

Sikukosea, Oiva, wala sikuteleza. Nilichagua. Kila kitu nilichopata tangu siku ile nimekipata kwa neno hilo, na nimeona aibu kila Krismasi uliponikatia nyama kwanza mimi.

Najua Raili ana wajukuu huko, na miaka arobaini na mitano sina pa kuitoa. Nilicho nacho ni hiki. Nastaafu tarehe 31 Julai. Tarehe mosi Agosti nitashuka kwenye basi Pello na sanduku langu, na tangu siku hiyo mtu wa kubaki ni mimi. Mavuno ni yangu, theluji ni yangu, na kupanda mwakani ni kwangu. Sikulazimishi uende. Nakwambia tu kwamba sasa unaweza, hata kama ni kukaa wiki moja pwani ya Uswidi ukitazama maji na kula vya kupikiwa. Ukinifungia mlango nitalala saunani, na kazi nitafanya.

Nisalimie majirani wa ng'ambo ya mto, na mbwa mkune masikio kwa niaba yangu. Jibu ukiweza. Usipoweza, nakuja vilevile.

Ni mimi dada yako, niliyesoma kwa sababu wewe ulibaki,

Helvi